Mvua ya Miaka Mitatu

Alhamisi, 1 Desemba 1960

Mvua: hakuna. Upepo wa kaskazini. Ukungu asubuhi. — Hayo ndiyo niliyoandika ofisini leo, na daftari la ofisi halina nafasi ya zaidi. Safu za tarakimu tu. Basi nimelitoa hili la jalada la kijani, zawadi ya mfanyakazi bora ya mwaka juzi. Lilikuwa halijaguswa. Nitakuwa nalificha ndani ya foronya.

Naandika nini? Sijui. Kichwa kimejaa vitu visivyotaka kukaa pamoja.

Tangazo limebandikwa mlangoni pa jengo letu. Makada wa daraja la kumi na saba kwenda juu (namba ndogo ndiyo cheo kikubwa): nusu kilo ya soya na nusu kilo ya sukari kila mwezi, kulinda afya zao. Daraja la kumi na tatu kwenda juu: nyama na mayai. Wengine — hawakutajwa. Bingwen, mume wangu, ni kumi na nane. Alisoma, akavua miwani, akaifuta, akasoma tena. Kana kwamba namba ingepungua!

Ndugu Luan, tunayetumia naye jiko moja ukumbini, ni kumi na saba. Mkewe Guie alikuwa nyuma yetu. Jamani, kasema, ni soya tu hizo, si kwamba tumepewa ng'ombe. Lakini mdomo ulikuwa unamcheza.

Bingwen na Luan meza zao zinatazamana, Idara ya Kilimo, ghorofa ya pili. Wanaingia saa ileile, wanatoka saa ileile. Tumbo la kumi na saba lina nini ambacho la kumi na nane halina? Lazima kuna sababu. Chama hakifanyi jambo bila sababu. Mimi tu ndiye sijaielewa.

Jumapili, 4 Desemba

Nimemwosha mama mkwe miguu. Imevimba mpaka kifundo hakionekani. Nilibonyeza kwa kidole gumba, shimo likabaki. Nikahesabu mpaka ishirini — bado lipo! Yeye akacheka. "Usiogope, mwanangu. Kule kijijini tulikuwa tunashindana shimo la nani linadumu."

Alikuja Oktoba, siku mbili kwa miguu. Hana kadi ya mjini, kwa hiyo hana mgao. Watatu tunakula kwa kadi mbili. Alisema mlangoni, kabla hata hajakaa, kwamba katika wanawe kabaki Bingwen peke yake. Hakulirudia tena. Bingwen hakuuliza ndugu zake walikufaje. Wala mimi. Mbona hatukuuliza?

Mwanamke mmoja wa kamati ya mtaa ameshapita. Mgeni wenu anarudi lini? Nikasema karibuni. Akatazama chungu chetu, akaenda zake.

Ijumaa, 9 Desemba

Makubwa! Mama kanivuta kando ya jiko, kaniuliza kwa kunong'ona: "Tangu nije sijaona vitambaa vyako kwenye kamba. Mwezi wa tatu huu. Kuna habari?"

Nilisimama kama gogo. Ni kweli, siku zangu zimekoma tangu Septemba. Miaka minane ya ndoa na hatujapata mtoto. Sikusema ndiyo. Sikusema hapana. Akanishika uso kwa mikono miwili, machozi yakamtoka, nami nikamwacha anishike.

Jioni alimimina nusu ya uji wake kwenye bakuli langu. Eti tumbo la mzee limesinyaa, halibebi kitu. Nilikataa mara mbili. Mara ya tatu nilikula. Naandika ili nisije nikajidanganya baadaye: nilikula.

Jumamosi, 10 Desemba

Zahanati. Daktari hakuinua hata kichwa. "Zimekoma? Wewe ni wa kumi na moja leo." Nikamwambia labda ni mimba. Akanitazama sasa, akacheka kidogo, akainuka kufunga mlango. Dada yangu, kasema, hata za kwangu zimekoma. Ule vizuri, upumzike. — Nile nini? — Rudi baada ya miezi miwili, tutaona kama tumbo limekua au la.

Basi nina mtoto au nina njaa? Daktari mwenyewe hajui! Kazini nimewauliza wenzangu wawili. Wote vilevile. Haiwezekani idara nzima tukawa wajawazito.

Lazima nimwambie mama. Nitamwambia kesho.

Jumatano, 14 Desemba

Sijamwambia.

Ofisini, Mkuu Fei, kiongozi wetu wa hali ya hewa, kaniita. Idara ya Kilimo inaandaa ripoti juu ya ukame wa miaka mitatu, wanataka jumla ya mvua ya wilaya yetu. Kazi yangu hiyo, naipenda. Vituo kumi na tisa. Nimejumlisha siku mbili mfululizo.

Wastani wetu wa kawaida ni milimita 870. Mwaka wa hamsini na nane: 842. Hamsini na tisa: 811. Mwaka huu mpaka jana: 893.

Ukame uko wapi?

Nimejumlisha mara nne. Nikatoka uani nikakagua kipimamvua — huenda kinavuja, huenda kimeziba. Nikakitia maji ya gilasi niliyoyapima. Kiko sawa! Gazeti linasema ukame usioonekana kwa miaka mia. Labda ni mikoa mingine. Labda mvua ilinyesha wakati mbaya. Labda mimi ndiye nisiyejua ukame ni nini, na nimefanya kazi hii miaka kumi.

Mkuu Fei alisoma karatasi yangu, akaikunja, akanirudishia. "Hakikisha tena, Ndugu Cen."

"Nimehakikisha, mkuu."

"Basi hakikisha polepole."

Jumamosi, 17 Desemba

Nimemuuliza mama. Nilijifanya naongea tu, huku tunamenya mabua ya mahindi ya kusaga unga. Mama, kwenu mwaka jana mvua ilikuwaje?

"Mvua? Mvua ilinyesha mpaka bata wakaona karaha!" Akaanza kucheka, kisha akaendelea tu, mikono haisimami. Hamsini na nane, viazi vitamu vilikuwa vikubwa kama kichwa cha mtoto, vikaozea ardhini. Watu wote walipelekwa mlimani kuyeyusha chuma. Hata sufuria yake ilipelekwa ikayeyushwe. Mwaka uliofuata mtama ulisimama vizuri. Viongozi wa komyuni ya vijiji vyetu wakaripoti mavuno mara tatu ya yaliyokuwepo, wapate bendera nyekundu ya ushindi. "Walipima mavuno kwa mdomo, mwanangu, wakaja kuyachukua kwa gunia. Wakachukua na mbegu. Tukisema hakuna tena, wanasema mmeficha. Wakatoboa kuta kwa vyuma. Mwanangu Sanniu walimning'iniza mtini nusu siku, aseme nafaka iko wapi. Iko wapi! Kama angejua si angeila?"

Bingwen alikuwa kwenye kiti na gazeti. Hakugeuza ukurasa muda wote ule. Mwishoni alisema, "Mama, maneno haya usiyaseme ukumbini."

"Kwani nimetukana mtu? Nimeulizwa habari za mvua."

Alhamisi, 22 Desemba

Tumegombana. Kwa sauti ya chini, kwa sababu ya ukuta wa kina Luan, kwa hiyo uchungu umebaki kifuani.

Kumbe ripoti iko mezani kwa Bingwen! Yeye ndiye anayeiandika. Alijua tangu mwanzo kwamba namba zitatoka kwangu. Kaniambia:

"Sikwambii udanganye. Chagua tu. Chukua vituo vitatu vya magharibi, vile vya nyuma ya vilima."

"Kule mvua huwa haba siku zote. Hata kabla ya Ukombozi."

"Lakini ulizipima au hukuzipima?"

"Nilizipima."

"Basi ni namba zako. Za kweli."

Nikamwambia lakini mvua ilinyesha, na mama yako kasema mbele yako. Hapo akanishika mkono, kwa nguvu. "Fikiri kidogo, Wanru! Ukiandika mvua ilinyesha, watauliza chakula kiko wapi. Unajua jibu lao? Wakulima wameficha. Watarudi na vyuma vyao kutoboa kuta. Ukiandika ukame, hakuna wa kulaumiwa. Mbingu zimelaumiwa. Nafaka ya msaada inaweza kuja kabla ya mwaka mpya. Ipi inaua watu zaidi?"

Sikuwahi kuwaza kwamba mvua inaweza kuua watu.

Kisha akaharibu. Luan anahamishiwa mkoani, kasema, kiti chake kitakuwa wazi, na ripoti ikipita vizuri... Akaelekeza kidevu kwa mama aliyelala. "Unadhani siioni miguu yake? Naiona hata nikifumba macho."

Sasa anafanya kwa ajili ya kijiji, au ya mama, au ya daraja? Nimemuuliza. Kasema hata yeye hajui, niache kumuuliza.

Jumanne, 27 Desemba

Guie huchemsha soya zake na kitambaa kibichi juu ya kifuniko, harufu isitoke. Inatoka tu. Watoto wa ghorofa ya juu hushuka na kusimama ngazini, wananusa.

Leo kanisukumia bakuli lililofunikwa. Maji ya soya na maganda. "Chukua, shoga, haraka. Kwa ajili ya hali yako." Kwa hiyo mama amekwisha kumtangazia! "Na usimwambie mzee wangu, ataniua. Nyinyi kumi na nane mna bahati, watu wanawaonea huruma. Sisi wanatutazama kama wezi."

Kutoka jikoni mpaka mlangoni kwetu ni hatua kumi na sita. Nilikunywa nusu kwenye hatua ya tano. Maji ya moto, chumvi kidogo. Nilisikia mwili wote unageuka kuyafuata. Nilimpelekea mama iliyobaki, naye akasema "kunywa wewe, ni ya mtoto," nami nikanywa na hiyo.

Mimi ni mtu gani?

Jumapili, 1 Januari 1961

Nimefanya. Juzi.

Vituo vitatu vya magharibi. Wastani: 590. Kila tarakimu ni ya kweli, nimeinakili kutoka kitabuni kwa mkono wangu. Juu nikaandika kichwa cha jedwali: "Mvua ya Wilaya." Neno hilo "Wilaya" tu. Lilinichukua muda mrefu kuliko tarakimu zote.

Mkuu Fei aligonga muhuri bila kusoma. Namba zimekaa vizuri, kasema. Muhuri ulitoka umepinda.

Mwaka mpya. Bwaloni walitugawia keki za mwani na pumba, moja moja. Kijani kabisa. Wimbo ukaimbwa.

Jumatatu, 9 Januari

Haraka namna hii! Bingwen ni kumi na saba.

Karudi na mifuko miwili ya karatasi, akaiweka mezani, akabaki amesimama na koti lake. Mama alikuwa anajivuta ukutani, siku hizi hatembei bila ukuta. Akafungua mfuko, akaingiza mkono, akazigusa soya tu, akiziacha zipite kati ya vidole.

"Zimetoka wapi?"

"Nimepanda daraja, mama."

"Kwa kazi gani?"

"Ripoti."

"Ya nini?"

Bingwen akavua koti. "Ya hali ya hewa."

Mama akatikisa kichwa kwa furaha. "Kumbe hata hali ya hewa inalipa!"

Hakuna aliyecheka. Tulichemsha kiganja kimoja. Mama akazigawa mwenyewe: nyingi kwangu, chache kwa mwanawe, tatu kwake. Tatu! Nilimrudishia kwa kijiko, akanipiga kofi la mkono, kweli kweli, kama mtoto. "Hizo si zako. Ni za mjukuu wangu."

Ningesema pale pale. Bingwen alinitazama. Yeye anajua habari za zahanati. Akatikisa kichwa: usiseme. Mbona nisiseme? Tumepanda daraja ili mama ale, na mama hali kwa sababu ya mtoto ambaye labda hayupo!

Jumatatu, 16 Januari

Mkuu Fei kanipa madaftari ya asili ya miaka mitatu, vituo vyote kumi na tisa, kayafunga kwa kamba. Nenda nayo nyumbani, kasema. Hapa ofisini panavuja.

Hapavuji.

Nikauliza kuna nini. Kasema kuna mkaguzi anakuja, si wa mkoa, wa juu zaidi. Anazunguka wilaya. Kisha, akitazama dirisha: "Majira haya watu wanawasha majiko kwa chochote. Makaratasi hupotea, Ndugu Cen. Hakuna anayeshangaa."

Nimeyabeba kilomita mbili kwenye baridi. Yana uzito. Nilikuwa nataka kumuuliza kama hiyo ni amri. Sikuuliza.

Ijumaa, 20 Januari

Mama ameanguka jikoni. Guie ndiye aliyemwinua, si mimi. Mimi nilikuwa kazini, naandika "Mvua: hakuna."

Uso umevimba sasa, macho kama mistari. Daktari alikuja kwa sababu ya daraja jipya la Bingwen — zamani asingekuja. Kasema ainuliwe miguu, anyweshwe sukari na soya, apate kitanda cha wodi ya makada kama kibali kitatoka. Kuinua miguu: hatuna mto wa ziada. Bingwen akaangaza macho chumbani, akachukua madaftari ya mvua na kamba yake, akayaweka chini ya miguu ya mamake. Hakuniangalia.

Jumamosi, 21 Januari

Naandika upesi. Saa tisa alasiri. Bingwen ametoka tangu asubuhi kufuata kibali cha wodi.

Nimemwambia mama. Nilikuwa namlisha soya kwa kijiko, akawa anafunga mdomo, anasema "mtoto kwanza." Nikashindwa. Nikasema mama, hakuna mtoto. Ni njaa tu, wanawake wote tuko hivi. Nisamehe.

Nikadhani hakusikia.

"Nimezaa sita," kasema. "Unafikiri sijui mwanamke mwenye mimba alivyo? Nilijua siku ileile, nilipokushika uso. Una mifupa mitupu."

"Sasa kwa nini, mama? Kwa nini ulinipa?"

"Ningekuambia kula, ungekula?" Akapumzika. "Kila mtu anataka sababu. Kule nyumbani nilimpa mke wa Sanniu, akakataa, eti mimi ni mkubwa wake, heshima. Akafa na heshima yake. Nikasema huyu nitamtafutia sababu."

Sijui nililia au la. Nilimshika mkono tu. Kisha akauliza mkaguzi ni nani, kwa sababu amenisikia mimi na Bingwen tukinong'ona. Nikamweleza yote. Namba. Vituo vitatu. Neno lile moja. Na kwamba hayo aliyowekea miguu ndiyo mvua yenyewe. Nilidhani atanilaani. Aliniuliza jambo moja: "Huyo mtu, akijua kwamba ilinyesha, atamkamata nani? Aliyechukua magunia, au aliyetobolewa kuta?"

Sijui, mama.

"Na asipojua?"

Sijui.

"Basi mwanangu na wewe mmesoma bure," kasema, lakini bila hasira, na akafumba macho.

Kibali hakijaja. Na mkaguzi amekuja. Guie kapiga mlango dakika hii, uso mweupe: mtu mwenye koti la manyoya chini uani, yupo na Mkuu Fei, anauliza chumba cha Ndugu Cen. Kasema ana sauti ya upole. Kasema aliwaambia watoto wa ngazini habari za mchana na akawapa peremende, sasa wanamfuata. Mtu mwema? Au mtu wa nyama na mayai tu, mwenye peremende za kugawa?

Nawasikia ngazini. Viatu vya ngozi. Fei anasema jambo kwa sauti kubwa makusudi, eti majira haya majiko yanameza makaratasi mengi. Ananielekeza cha kujibu. Mkaguzi anasema anachotaka ni ukweli tu, wowote uwe. Bingwen naye aliniambia jana usiku ni ukweli tu, uliochaguliwa.

Nikimpa madaftari, Bingwen amekwisha, na soya zimekwisha, na kitanda cha wodi. Au labda ndiyo waliochukua magunia watakaokwisha. Nisipompa, nafaka ya msaada itakuja kijijini. Au haitakuja, na mwaka ujao watapima tena kwa mdomo.

Wamebisha.

Mama kafumbua macho. "Fungua, mwanangu. Ukumbini kuna baridi."

Miguu yake iko juu ya madaftari. Ni mizito kama mbao zilizolowa, siwezi kuyatoa bila kuiinua, na nikiiinua itamuuma.

"Subiri kidogo, ndugu," nimesema kwa sauti. "Namwinua mama miguu."

Lakini bado niko mezani, naandika, na wanabisha te—